Uzi: Bila mtu wa ndani hupati kitu. Ubalozi kati ya Wakristo na Waislamu karne ya 16, kuanzia Istanbul hadi Malindi

Mzee wa Nyaraka (mleta uzi)

Habari wanajamvi.

Vita vya Milki ya Osmani na Ulaya vimejadiliwa humu mpaka basi. Leo tuingie chumba cha nyuma. Balozi Mkristo akifika Istanbul mwaka 1560 au 1590, anaanzia wapi, anampitia nani, anabeba nini mkononi, na kwa nini wengine waliondoka mikono mitupu?

Tuanze na waraka wenyewe, maana bila huo mengine hayaeleweki. Kile ambacho vitabu vya Ulaya hukiita mkataba, Waosmani walikiita ahdname. Mzizi ni ule ule wa neno letu ahadi. Ulikuwa kiapo cha Sultani mwenyewe, kwa jina lake, kwa mtawala fulani. Sultani akifa, ahadi inakwenda naye kaburini. Mrithi akikalia kiti, kila balozi aliyeko mjini anaanza upya: anaomba waraka uandikwe tena, anapeleka zawadi tena, anasimamia kila kifungu cha zamani kiingie bila mwandishi kukipunguza.

Jambo la pili: njia ilikuwa ya upande mmoja. Venice ilikuwa na mjumbe mkaazi Istanbul, aliyeitwa bailo, tangu mkataba wa 1454. Ufaransa ikaleta wake 1535, Uingereza miaka ya 1580. Waosmani walituma wajumbe wa safari tu. Balozi wao wa kwanza mkaazi alifika London 1793. Kwa hiyo kazi yote ya kila siku ilifanyika Istanbul, na ilifanywa na wageni wachache wanaoishi Pera, ng'ambo ya Pembe ya Dhahabu, pamoja na yeyote waliyefahamiana naye upande wa pili.

Utaratibu wa mgeni mpya ulikuwa hivi. Kwanza anakwenda kumsalimu Waziri Mkuu, kisha mawaziri wengine mmoja mmoja, na kila mlango una zawadi yake. Baadaye ndipo inafika siku ya Sultani, ambayo mara nyingi ilipangwa iangukie siku ya mishahara ya Janisari, askari wa miguu wa Sultani, ili mgeni aione mifuko ya fedha na maelfu ya askari waliosimama kimya uani. Anakula na mawaziri, anavishwa joho, zawadi zake zinapitishwa mbele za watu, halafu maofisa wawili wanamshika mikono, mmoja huku mmoja huku, wanamwingiza. Anainama, barua inapokelewa, anatolewa. Sultani huenda asitamke neno. Shughuli yenyewe ilikuwa kwa Waziri Mkuu, faragha, wakiwepo watu watatu wanne.

Kijana wa Forodha

Mkuu, uzi una nyama. Swali: hizo zawadi mlango kwa mlango zilikuwa na tofauti gani na hongo?

Mzee wa Nyaraka

Tofauti kubwa ni kwamba zilikuwa hadharani, zikaandikwa kwenye daftari pande zote mbili. Mpokeaji alijua kiwango alichopewa aliyemtangulia, akapima. Kupunguza zawadi kulikuwa kauli ya kisiasa, hata kama sababu yake ni ukata tu.

Ugomvi ulikuwa kwenye jina. Mwaka 1547 Ferdinand wa Habsburg, mtawala wa Austria, alikubali kupeleka dukati 30,000 kila mwaka. Vienna waliandika kwamba ni zawadi ya heshima, Istanbul waliandika kwamba ni kodi. Fedha ni zile zile, na kila upande ukalala na jina lake. Mambo yaliharibika fedha zilipochelewa, kwa sababu zawadi ikichelewa unaweza kuomba radhi, lakini kodi ikichelewa ni uasi. Hilo halikuisha mpaka amani ya Zsitvatorok, 1606, ambapo Habsburg walilipa mara moja tu, florini 200,000, basi.

Saa za mitambo walizipenda sana Istanbul, ila saa ni zawadi yenye mtego: inaharibika njiani. Ndiyo maana misafara ya Habsburg ilibeba fundi wa saa pamoja na saa zenyewe. Saa iliyokufa mbele ya Waziri Mkuu ni aibu kuliko kutoleta kitu.

Bi Tarjuma

Naongezea upande wa wakalimani, maana hapo ndipo siri nyingi zilipovuja.

Bailo wa Venice alikaa miaka miwili, baadaye mitatu, akaondoka. Kituruki hakukijua. Aliyebaki miaka 20 au 30 ni mkalimani wake. Waitaliano walimwita dragomanno, nalo limetoka kwenye neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi tarjuma. Yeye ndiye aliyejua karani yupi anashika jalada gani, mlinzi wa mlango anaitwa nani, Waziri Mkuu anachukia nini. Mahusiano yote ya ubalozi yalikaa kichwani mwake.

Sasa tazama udhaifu wake. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Pera, raia wa Sultani, wenye wake, watoto na nyumba pale pale. Bailo akimwambia, "Mwambie Pasha kwamba Jamhuri ya Venice haitavumilia," unadhani anatamka hivyo? Analainisha, kwa sababu bailo atarudi kwao ila yeye atabaki na Pasha. Venice walilitambua hilo, na 1551 wakaanzisha mafunzo nyumbani kwa bailo: vijana wanaletwa Istanbul, wanawekewa mwalimu wa Kituruki, wanakaa miaka kadhaa. Waliitwa "vijana wa lugha". Matokeo hayakuwa mazuri kama walivyotarajia. Wapo walioshindwa lugha, wapo waliokufa kwa tauni, na familia za Pera zikaendelea kushika kazi, zikiozana wao kwa wao mpaka ukalimani ukawa urithi.

Upande wa Waosmani naye alikuwepo Yunus Bey, Mgiriki wa asili kutoka Modon, mkalimani mkuu wa Sultani Suleiman kuanzia 1525 hadi 1551. Alipelekwa Venice kama mjumbe zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo Venice walimpa fedha na nguo waziwazi, na Sultani hakuona ubaya wowote.

Joho Jekundu

Mleta mada umesema ahadi inakufa na Sultani. Ni kweli, ila kwa balozi pigo zito zaidi lilikuwa kifo cha Waziri Mkuu.

Chukua Wafaransa. Jean de La Forest anafika 1535, anajadiliana na Ibrahim Pasha, mtu aliyekuwa karibu na Suleiman kuliko yeyote. Mapema 1536 rasimu ya vifungu iko tayari. Mwezi Machi mwaka huo huo Ibrahim ananyongwa ndani ya kasri. Rasimu ikabaki rasimu, Sultani hakuithibitisha. Ahdname ya Ufaransa ambayo tuna uhakika nayo ni ya 1569. Miaka 33!

Ibrahim huyo huyo alikuwa na rafiki, Alvise Gritti, aliyezaliwa Istanbul, mtoto wa nje ya ndoa wa Andrea Gritti. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka pale, baadaye akawa Doge wa Venice, 1523. Fikiria: mkuu wa Jamhuri yuko Venice, mwanawe yuko Pera, mshirika wa Waziri Mkuu katika vito na mambo ya Hungaria. Mwaka 1532 mafundi wa Venice walimtengenezea Suleiman kofia ya dhahabu yenye mataji manne, ya thamani ya zaidi ya dukati 100,000, na njia ya kuifikisha kwa Sultani ilikuwa ni duara hilo hilo la Ibrahim na Gritti. Gritti aliuawa Transylvania 1534, Ibrahim 1536, na 1537 Venice ikawa vitani na Suleiman. Sisemi vita vilikuja kwa sababu hiyo pekee, ila mlango wao wa nyuma ulikuwa umeshafungwa.

Na wakati mwingine kifo kilifungua. Busbecq, mjumbe wa Ferdinand, alikwama miaka mingi mbele ya Rüstem Pasha, muda mrefu akifungiwa ndani ya nyumba yake. Rüstem akafa 1561, akaja Ali Pasha, mtu wa maneno ya taratibu, wakaelewana. Mwaka 1562 amani ya miaka minane ikapatikana.

Kijana wa Forodha

Na vita vikianza balozi anakuwa wapi? Anafukuzwa?

Mzee wa Nyaraka

Hafukuzwi, anazuiliwa. Na hapo kuna kisa ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote.

Marcantonio Barbaro aliingia kazini kama bailo 1568. Waziri Mkuu alikuwa Sokollu Mehmed Pasha, mzaliwa wa Bosnia aliyechukuliwa utotoni, akasilimu, akapanda mpaka juu. Hawa wawili walijenga mazoea kwa vitu vidogo vidogo. Mwaka 1569 Sokollu alitaka kandili za kioo za msikiti kutoka Venice, 900, na Barbaro akaandika nyumbani, pamoja na barua ikaenda michoro ya maumbo yanayotakiwa. Itazame vizuri oda hiyo. Kioo kinavunjika, kinahitaji kufungashwa kwa uangalifu, na mteja anaweza kulalamika umbo si lile. Kwa hiyo inahitaji barua kwenda na kurudi, na kila barua inampa bailo sababu halali ya kukaa chumba kimoja na Waziri Mkuu. Kandili zilifanya kazi kabla hata hazijawashwa.

Mwaka 1570 vita vya Kupro, kisiwa kilichokuwa cha Venice, vikaanza. Barbaro akafungiwa ndani, walinzi mlangoni, hakuna kutuma barua. Sokollu mwenyewe hakuvipenda vita hivyo, ila hakuweza kulisema hilo hadharani. Njia ikapatikana kwa daktari: Solomon Ashkenazi, Myahudi mzaliwa wa Udine, aliyesoma utabibu Padua. Alimtibu Sokollu, na nyumbani kwa bailo pia aliingia. Daktari ana faida ambayo karani hana: anaitwa saa yoyote, anakaa na mgonjwa peke yake, na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Akawa anapeleka neno huku na kuleta huku. Vita vya majini vya Lepanto, ambako Waosmani walishindwa, vikapigwa Oktoba 1571 na mazungumzo hayakufa.

Tarehe 7 Machi 1573 amani ikatiwa saini. Masharti yalikuwa machungu: Kupro imekwenda, na dukati 300,000 za kulipa. Washirika wa Venice, Papa na Uhispania, hawakuwa na habari mpaka mambo yalipokwisha, wakahamaki kweli kweli. Ila Jamhuri ilikuwa imechoka, na kwa Barbaro na daktari ilipata amani ambayo merikebu hazikuweza kuipata.

Mwaka 1574 Ashkenazi akafika Venice, safari hii akiwa mjumbe rasmi wa Sultani. Jamhuri iliyokuwa imepitisha amri ya kuwafukuza Wayahudi mwishoni mwa 1571 ikampokea Myahudi kwa heshima zote za balozi. Amri ile haikutekelezwa.

Bi Tarjuma

Kisa hicho nakikubali, ila mmewasahau wanawake, na baada ya Sokollu kuuawa 1579 nguvu ilihamia sana upande wao, ndani ya nyumba ya Sultani.

Balozi hawezi kuingia huko. Zilihitajika ngazi mbili. Ya kwanza ni matowashi. Gazanfer Agha, mkuu wa matowashi weupe, alikuwa mtoto wa Venice aliyetekwa baharini pamoja na mamaye, Franceschina. Mama alikombolewa, mtoto akabaki, akasilimu, akapanda. Miaka mingi baadaye mama alikwenda Istanbul kumwona. Kisha dada yake, Beatrice Michiel, akaja mwanzoni mwa miaka ya 1590, akasilimu akiitwa Fatma, akaolewa pale pale, huku akiendelea kuwapasha habari watu wa Venice. Damu ilifanya kazi ambayo fedha haikuiweza. Gazanfer aliuawa na askari walioasi mwanzoni mwa 1603, na mfereji ule ukakauka.

Ngazi ya pili ni kira, mwanamke wa Kiyahudi anayeingia na kutoka kwa Malkia Mama kuuza vito na vitambaa. Safiye Sultan, mama wa Sultani Mehmed III, alikuwa na Esperanza Malchi. Safiye na Malkia Elizabeth wa Uingereza waliandikiana na kupelekeana vitu: kutoka London picha ya malkia yenye vito, kutoka Istanbul nguo na taji, na 1599 London ikapeleka gari la farasi la thamani ya pauni 600. Mwaka huo huo Malchi aliandika barua kwa Elizabeth akiomba maji ya kunukia ya uso na mafuta ya mikono kwa ajili ya bibi yake, na akasisitiza yapitie mikononi mwake yeye, kwa kuwa ni mambo ya wanawake na yasipite kwa watu wengine. Msidhani ni kituko. Alikuwa anajenga njia inayompita balozi. Aprili 1600 askari wapanda farasi waliokasirishwa na fedha mbovu ya mishahara walimuua. Njia ikafa naye.

Joho Jekundu

1599 umesahau kinanda, Bi Tarjuma! Meli ya Hector ilibeba kinanda kilichotengenezwa na Thomas Dallam, chenye saa ndani, kinachojipiga chenyewe, na juu yake kichaka chenye ndege weusi wanaoimba na kutikisa mabawa. Kampuni ya wafanyabiashara wa Levant ndiyo iliyolipa, ili Mehmed III athibitishe haki za Waingereza.

Kasha lilipofunguliwa Istanbul, gundi ilikuwa imeachia kwa joto na unyevu wa safari ya miezi, na mirija mingine imebonyea. Waliokuwepo walikata tamaa. Dallam alikuwa amesafiri nacho, akakirekebisha na kukisimika upya ndani ya kasri. Ni kanuni ile ile ya saa za Habsburg: ukipeleka mtambo, peleka na fundi.

Dira na Tanga

Wanajamvi, kwa mnaopenda Istanbul, mambo haya haya yalifika kwetu pwani, na tunayo maelezo ya siku kwa siku.

Aprili 1498 Vasco da Gama yuko Malindi. Ametoka Mombasa ambako hakuna aliyemwamini mwenzake. Mfalme wa Malindi ni hasimu wa Mombasa, anatafuta mshirika. Da Gama anakataa kushuka nchi kavu, akisema bwana wake hamruhusu. Mfalme anasogea kwa chombo, wanakutana majini. Amevaa joho la damaski lenye ukingo wa satini ya kijani na kilemba cha fahari, amekaa kwenye viti viwili vya shaba vyenye mito, juu yake mwavuli wa satini nyekundu, na mzee mmoja anamshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Wapo wapiga tarumbeta, na kati yao siwa mbili za pembe zilizonakshiwa, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mreno aliyeandika hakujua siwa ni nini katika utawala wa pwani. Alidhani ni ala nzuri ya muziki. Kumbe mfalme alikuwa ameleta enzi yake nzima majini.

Zawadi za Mreno: joho, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, njuga na vipande viwili vya kitambaa cha mistari. Zikapokelewa. Mfalme akarudisha kondoo sita, karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Vitu vya aina hiyo hiyo vilipopelekwa kwa mfalme wa Kihindu wa Calicut mwezi uliofuata, maofisa wake walicheka. Malindi hawakuwa wamehesabu mabeseni. Kilichowagusa zaidi ni kwamba da Gama aliwaachia huru mateka Waislamu aliowakamata njiani.

Lakini rubani alipochelewa, da Gama alimkamata mtu wa karibu wa mfalme, akamweka rehani melini mpaka rubani alipoletwa. Huyo alikuwa mtu wa Gujarat. Dai kwamba ni Ibn Majid, nahodha maarufu Mwarabu, halina msingi. Ndani ya siku kumi zile zile una zawadi, una urafiki, una mateka.

Kijana wa Forodha

Na urafiki huo wa Malindi uliishia wapi?

Dira na Tanga

Uliishia Mombasa, vibaya.

Wareno walianza Fort Jesus 1593, wakamhamishia mfalme wa Malindi Mombasa na kumwahidi theluthi ya mapato ya forodha. Theluthi hiyo ndiyo iliyoua urafiki, kwa sababu aliyeshika forodha ni kapteni wa ngome, anayekaa miaka michache na anayetaka kurudi kwao na mali. Mfalme Hasan alilalamika, akagombana na kapteni, akakimbilia bara 1614, akauawa huko kwa malipo ya Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India.

Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye akapelekwa Goa. Akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, na 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Goa walihesabu kwamba wamepata mtu wao kamili: dini yao, lugha yao, malezi yao. Walichosahau ni kwamba Mombasa angeishi na kapteni, si na watawa waliomlea. Kapteni alimdharau, na alipoonekana akisali kwa Kiislamu kwenye kaburi la babake, habari zikaanza kwenda Goa.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni kama mgeni wa kawaida, kwa kuwa alikuwa na ruhusa ya kuingia, akamchoma kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake. Akarudi kwenye Uislamu na jina la Yusuf bin Hasan. Kikosi cha Goa kilishindwa kuitwaa ngome mwanzoni mwa 1632. Mwezi Mei akaondoka mwenyewe na meli, akazunguka baharini miaka kadhaa, akafa Bahari ya Shamu mnamo 1638.

Bi Tarjuma

Na Wareno walimweka nani badala yake?

Dira na Tanga

Hakuna. Mombasa ilibaki mikononi mwa kapteni moja kwa moja. Ukifika Fort Jesus, juu ya lango kuna maandishi ya mawe. Humo kapteni aliyewekwa 1635 anajisifu kwamba amewatoza kodi wafalme wa pwani na kubomoa kuta za miji ya Pate na Siyu.